Uji Uliotikiswa

Tangu kiharusi kimlaze Mzee Mutugi, mkazamwana wake Gatakaa alikuwa na sheria moja: kibuyu cha uji kisitikiswe. Nesi wa zahanati ya Mikinduri alikuwa amemweleza kuwa koo la mzee limelegea, na chochote chepesi, hata maji, kingepotea njia kiingie mapafuni. Uji uliochacha una tabia yake. Ukitulia kibuyuni huganda, hata ukikiinamisha hautoki. Ukiutikisa, hulegea na kukimbia kama maziwa. Gatakaa aliuchota kwa kijiko bila kuusumbua, na mzee akaishi.

Jumapili moja baada ya kanisa, Karwirwa, dada yake mzee, alikuja kutoka Muthara. Alitazama lile bonge kwenye kijiko, uso ukamwiva.

"Gatakaa, hii ndio unapea kaka yangu? Hata kutikisa umeshindwa?"

"Tata, nesi alisema apewe ile nzito. Nyepesi itamnyonga."

"Nesi ndio alimzaa? Sisi tumekunywa uji ya kutikiswa tangu tukiwa watoto."

Gatakaa akainamisha macho. Shangazi wa mume hajibiwi mara mbili. Ng'ombe alikuwa akilia, wakati wa kukamua umepita, naye akatoka. Kibuyu alikiacha pale kando ya kitanda, maana kuondoa chakula mbele ya mgeni ni kumtukana. Heshima si utumwa, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuolewa katika boma lile.

Akiwa zizini alisikia uji ukigonga kuta za kibuyu. Aliacha ndoo, akakimbia.

Mzee alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo iliyobaki hai ilikuwa imepanda juu, ndevu zimelowa uji, na Karwirwa anamfuta kwa leso huku machozi yanamtoka. Gatakaa hakuwa ameiona furaha ile tangu ugonjwa uingie. Kisha kikohozi kikaanza, na hakikukoma. Usiku kifua kilikoroma. Wiki haikuisha.

Mgonjwa haulizwi uji. Anayempa, je?

Siku ya mazishi Karwirwa alikaa katikati ya akina mama wa kanisa. "Alienda akiwa ameshiba," aliwaambia. "Mkono yangu ndio ilimpea ya mwisho, na akacheka." Wakaitikia amina.

Gatakaa alisimama nyuma yao na kibuyu cha wageni. Alimchukia mwanamke yule, alimchukia kabisa, na neno moja tu lilitosha kumvunja. Akalitafuta ulimini, likawepo. Lakini aliuona mkono wenyewe, umekunjamana juu ya leso ileile iliyomfuta mzee ndevu.

Karwirwa akageuka, akamnyooshea kikombe.

"Tikisa vizuri, mwanangu. Ya mzee ulikuwa unaacha imeganda."

Gatakaa akakitikisa kibuyu mpaka uji ukalegea, akammiminia.