Sura Isiyorukwa

Kwa miaka kumi na mmoja Teunis Wolbers, mzee wa kanisa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ndiye aliyeshika gundi. Kamati ya vitabu ya shule ya kijiji ilikutana kila mwezi: neno la kufuru lilifutwa kwa wino mweusi, ukurasa wenye mchawi ulibandikwa na mwenzake usifunguke tena, na kitabu kilichozidi uovu kilitolewa rafuni. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na Teunis alikuwa mkunjaji hodari.

Jumamosi moja asubuhi alikuta kitabu kimefichwa nyuma ya ndoo za maziwa. Binti yake Hilligje, mwenye miaka kumi, alikuwa amekiazima shuleni: hadithi ya joka la baharini litemalo moto. Kamati ingekaa alasiri hiyohiyo.

"Hiki leo kinatolewa," alisema.

"Baba, nimebakiza kurasa tisa tu!"

"Hata mmoja hukupaswa kuusoma. Mnyama wa kutema moto Mungu hakumwumba. Ni uongo mtupu, na baba wa uongo tunamjua."

Hilligje hakulia. Alimtazama tu, akageuka, akaenda zake. Heri angelia. Alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa baada ya miaka kumi na minne ya kuomba, na Teunis aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kifo. Sasa, kwa kumlinda, alimwona anamponyoka.

Mchana walikula viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki. Kisha Teunis akafungua Maandiko, kama babu na baba yake walivyofanya: kila baada ya mlo sura moja, kwa mfuatano, bila kuruka, iwe ni orodha ya majina au vipimo vya hema. Utepe ulikuwa palepale ulipoachwa asubuhi.

Akaanza kwa ile sauti yake bapa ya kila siku. Mungu mwenyewe alikuwa akinena, habari za mnyama wa vilindini asiyeweza kuvuliwa kwa ndoana. Katikati ya sura mnyama akafunua kinywa: cheche zikaruka, moshi ukamtoka puani. Teunis akanyamaza.

"Vipi, Baba Hilligje?" mkewe Aaltje akauliza. "Au leo nyumba hii inaruka?"

Hakuruka. Alisoma magamba yaliyobanana hata upepo usipite, na bahari iliyochemka kama chungu. Tena Mungu hakuwa akimlaani mnyama yule. Alikuwa akimsifu! Alimjivunia, kama Teunis anavyosimama kwenye ua wa jirani kumsifu fahali wake mwenyewe. Maneno haya alikwishayasoma mara ishirini na zaidi, mdomo ukisoma na akili ikiwa zizini. Sasa nywele zilimsimama. Miaka yote alimtumikia Mungu aliyedhani anamjua, nadhifu kama jiko lao la Jumamosi; kumbe alikuwa na vilindi, na humo vilindini alifuga. Teunis aliogopa, na hofu ile ilikuwa tamu, na hakutaka iishe.

Ilibaki sala ya shukrani. Alifumba macho, akatafuta maneno yake ya siku zote, asiyapate. Mwishowe akainuka, akakitoa kile kitabu kwenye koti lake, akakiweka kando ya sahani ya binti yake.

"Mama yangu," alimwambia mtoto, "asubuhi nilikudanganya. Nilisema Mungu hakumwumba. Nisamehe."

Aaltje alibaki mdomo wazi. Mzee wa kanisa kumwomba mtoto radhi, hilo hakuwahi kuliona.

Hilligje aligusa jalada la kitabu, asikifungue.

"Nilijua, Baba. Mwaka jana uliisoma sura hiihii, nikasisimka mpaka usingizi ukanipaa. Nilitaka nikuulize." Akainua macho. "Lakini wewe hukuwa unasikiliza."