Filamu Isiyokuwa ya Ndani

Jana mchana nilijilaza kwenye kochi kusubiri majibu ya filamu yangu niliyoipeleka kwenye huduma moja ya filamu za mtandaoni, usingizi ukanichukua, nikaota nimesimama mlangoni pa huduma hiyo. Mlango unalindwa na Dishi. Ndiyo, dishi lenyewe, la kupokelea matangazo, ila huyu kastaafu paani na serikali imemwajiri upya awe mkaguzi. Kachomeka kalamu sikioni, ingawa sikio hana.

"Sheria inataka asilimia thelathini ya maudhui iwe ya ndani," ananiambia. "Yako ni ya ndani?"

"Ndani kabisa, mheshimiwa! Inaitwa Mpapai wa Mpakani. Tumeirekodia Korogwe, waigizaji wa Korogwe, hata kuku ni wa Korogwe."

"Nimeitazama. Mpapai uko nje. Kuku wako nje. Mvua nayo inanyesha nje. Ya ndani ni sifuri."

"Ndani ya nchi, jamani!"

"Nchi haijaandikwa."

Ananionyesha karatasi. Kweli, haijaandikwa.

Hapohapo inapita filamu ya ughaibuni, ya mfalme mmoja mwenye mafua ambaye hatoki chumbani saa mbili nzima. Dishi anaigongea muhuri: asilimia mia. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Mara mama yangu, Bi Mwanahawa, akatoka ndani ya filamu, maana ndiye nyota wangu. Kajifunga khanga ileile aliyoigizia ugomvi wa mpapai.

"Wewe Mwantumu, unanitafutia aibu? Mtaa mzima nimeshauambia! Jumamosi wanakuja na viti vyao kunitazama. Niwatazamishe ukuta?"

"Mama, wanasema tuko nje."

"Kwani kuingia ndani kuna kazi gani?"

Anageuka, na mlango ule sasa ni wa sebule yetu. Anaanza kuita. Kuku wanaingia kwa mstari. Mpapai unainama kizingitini, unapita, unakaa kwenye kochi na kuuliza kama kuna feni. Mvua inaingia na kunyeshea kona moja tu, kwa adabu. Mlima wa nyuma ya nyumba unapiga hodi.

"Karibu," anasema mama, "ila jipanguse miguu kwanza, nimepiga deki."

Mlima unajipangusa. Inachukua muda.

Dishi anahesabu kutoka nje, kachungulia dirishani. "Ishirini na tisa," anasema. "Haijatosha. Mjaribu tena mwakani."

"Imepungua moja tu, mheshimiwa!" nalia. Sijawahi kumbembeleza mtu namna ile, achilia mbali bati.

Mama hambembelezi. Anamtazama toka juu mpaka chini. "Na wewe, baba, mbona umesimama nje?"

Dishi anajikuna kutu. "Nimezoea, mama. Miaka kumi na tisa nimewaingizia watu picha sebuleni, jua langu, mvua yangu. Sijasikia hata mmoja akiniambia karibu."

"Ee! Watu gani hao wasio na haya? Hebu pita ndani, chakula kiko mezani."

Akapita. Akala wali na maharage, mama akamwongeza, akala tena. Mpapai ukamsogezea maji. Alipomaliza akajihesabu mwenyewe.

"Thelathini," akasema. Akagonga muhuri kwa nguvu, palepale juu ya kitambaa cha meza.

Kishindo kile kikanizindua. Kumbe simu imeanguka sakafuni, na ina ujumbe: filamu yangu imekubaliwa, fungu la maudhui ya ndani. Nikapiga ukelele. Mama akaja mbio kutoka jikoni, nikamsomea, naye akapiga vigelegele mpaka jirani wa pili akaitikia bila kujua kuna nini. Nilifurahi, acha tu.

Kisha mama akaiangalia sahani aliyokuwa ameishika. Ilikuwa tupu, na pembeni ina alama ya kutu.

"Haya, na nani huyu kala wali wangu wa jioni, akaniachia kutu kwenye sahani?"

"Mgeni, mama."

"Mgeni?" Akaifuta sahani kwa upindo wa khanga. "Alishiba?"