Mchanga Mweupe Chini ya Gari

Assumani alipiga magoti kando ya gari, akainamisha uso hadi ndevu zikakaribia mchanga, akachungulia chini ya injini. Mchanga ulikuwa mweupe, safi, umechorwa mistari ya fagio kutoka gurudumu hadi gurudumu. Hakukuwa na tone hata moja. Akasimama, akajikung'uta kanzu, na ndipo alipomsalimia mke wake.

"Gari unaisalimia mbele ya bibi yako," Subira alimwambia, fagio likiwa bado mkononi.

"Gari ikigonjwa, bibi atakula nini?"

"Na bibi akigonjwa?"

"Bibi hagonjwe. Bibi iko na fagio."

Subira alimrushia jani la mparachichi, wakacheka wote wawili. Siku hizo walikuwa wepesi wa kucheka. Mtoto wao Latifa, aliyeolewa Kabambare, alikuwa na mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza binti hurudi kuzaa kwa mama yake. Hilo halina mjadala. Assumani ndiye angekwenda kumchukua, barabara ikikauka kidogo. Kisimani Subira hakuwa na habari nyingine. "Somo yangu anakuja," aliwaambia wenzake, kwani Latifa alikuwa ameahidi kwamba akijaliwa msichana, atampa jina la Subira mwenyewe. Watu walimuuliza kama ameota, au mtoto amempigia simu. Yeye alicheka tu, akajitwisha beseni la mchanga wa mtoni kwenda kuumwaga uani. Hakutaka somo wake apokewe kwenye uwanja wenye madoa.

Gari lenyewe halikuwa la Assumani. Lilikuwa la Lukumani, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi hapa Kasongo, naye Assumani alikuwa dereva wake tangu ndevu zikiwa nyeusi. Lilikuwa limetoka Kindu, kwenye garaji ya wale waliomuuzia. Huko walibadilisha oili na chujio lake, wakaosha injini ikang'aa, halafu wakabandika karatasi ya buluu kwenye ukingo wa boneti.

"Ile karatasi ikipasuka, garanti imekufa," Lukumani alimwonya alipomkabidhi funguo. "Mutu asifungue kapo. Umesikia?"

"Nimesikia, patron. Lakini mafuta ya motere nitapima namna gani?"

"Utapima nini, Assumani? Si wametia mapya? Ama weye unajua gari kupita wenye kuiuza?"

Assumani alitia funguo mfukoni. Mtu amekuazima gari ukamchukue mwanao, lilale kwako mpaka siku ya safari, utabishana naye juu ya boneti? Kila asubuhi ya maisha yake ya udereva alikuwa akichomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukisoma. Sasa mkono ulimwasha asijue pa kuuweka. Kilichobaki ni kutazama chini. Gari likivuja, huacha alama pale lilipolala, na mchanga wa Subira ulikuwa mweupe kiasi kwamba hata tone la chai lingeonekana. Kwa hiyo kila alfajiri akitoka msikitini alipiga magoti, na kila alfajiri alisimama moyo umetulia.

Barabara ilipokauka, akaondoka.

Njiani kwenda Kabambare, kwenye mteremko, taa nyekundu ya oili iliwaka, ikapepesa, ikazimika. Assumani aligonga kioo kwa ukucha. Haikuwaka tena. Alisimamisha gari, akatazama karatasi ya buluu kwa muda, na mkono wake ukafika mpaka kwenye boneti. Kisha akaukumbuka ule mchanga. Safi kabisa. Itakuwa ni waya tu, alijiambia, wameulegeza wakati wa kuosha. Akaingia, akaendelea.

Latifa alimpokea kwa kicheko, tumbo limemtangulia. Mumewe Bakari, mwalimu, alikuwa na mitihani ya wanafunzi. Aliahidi kuwafuata kwa pikipiki mara itakapokwisha. Gari lililala nyuma ya shule, kwenye majani marefu, mahali ambapo mtu angeweza kumwaga ndoo ya oili na isionekane. Asubuhi Assumani alipiga magoti kama kawaida. Aliona majani.

Walikuwa wameiacha Kabambare mbali nyuma yao, na Kasongo ikiwa bado mbali mbele, taa ilipowaka tena. Safari hii haikupepesa. Katikati ya mlima injini ilianza kugonga ndani kwa ndani, kama mtu anayetwanga kinu kikavu. Assumani alizima, akaruka nje, akaipasua ile karatasi ya buluu bila kuitazama. Kijiti kilitoka kikavu. Alikifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, maana mkono ulikataa kuamini. Kikavu. Alijaribu kuwasha, injini ikakaza, haikuzunguka. Harufu ya chuma kilichoungua ilimjaa puani.

"Baba," Latifa aliita kutoka ndani. "Baba, naona maji."

"Maji gani, mama?"

Kisha akaelewa.

Hakuna baba anayepaswa kuwa pale. Alikimbia kwenye shamba la mihogo chini ya barabara huku akipiga kelele, na wanawake waliokuwa wakilima wakapanda na majembe yao. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aliyeitwa Apolline, mwenye msalaba mdogo shingoni. Alichungulia ndani ya gari, akavua kitenge chake cha juu, akakifunga mlangoni kiwe pazia.

"Papa, geuka kule," alisema. "Hii ni kazi ya wanamuke."

Assumani alikwenda kusimama mbele ya gari, boneti ikiwa wazi, uso ameutumbukiza katika injini iliyokufa. Mmoja wa wanawake alikuwa ameteremka kutafuta pikipiki. Assumani alishika kile kijiti mkononi, akakifuta kwa kitambaa, akakifuta tena. Nyuma yake alisikia mwanawe akiguna, halafu akilia, halafu akimwita mama yake. Alimwita Subira kwa jina lake kamili, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Pikipiki haikuja. Jua lilipanda. Alisikia Apolline akisema miguu ndiyo imetangulia, na asukume, asukume, asichoke sasa.

Mtoto alilia mara moja. Assumani alikisikia kilio hicho vizuri, na mpaka leo anaweza kukusimulia kilivyokuwa: kidogo, cha hasira, cha mtu aliyechelewa. Akasubiri cha pili.

Apolline alitoka nyuma ya pazia, mikono imelowa, akasimama karibu naye.

"Papa," alisema. "Mama yake iko muzima. Mutoto amekatala kubakia."

"Ni nini?"

"Ni musichana."

Assumani alilia hapo hapo, mtu mzima, mbele ya wanawake wasiomjua, na hakuna aliyemcheka.

Kwa kuwa mtoto alikuwa amelia, alipewa jina. Latifa ndiye aliyelitamka, amelala kwenye kiti cha nyuma, amegeuzia uso dirishani: Subira. Alizikwa Kasongo, kifurushi ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba mikononi.

Siku ile walipofika nyumbani kwa pikipiki mbili zilizopatikana hatimaye, Subira alikuwa amesimama langoni, amevaa kitenge kipya. Alimpokea Latifa, akakipokea na kifurushi, akaingia nao ndani, na kilio kikapanda. Assumani alibaki uani peke yake. Macho yake, kwa mazoea tu, yalikwenda pale gari lilipokuwa likilala. Palikuwa peupe. Alichuchumaa, akachimba kwa kidole.

Chini ya mchanga mweupe palikuwa peusi.

Alichimba tena. Tabaka jeupe, tabaka jeusi, na jeupe juu yake. Kila alfajiri, yeye akiwa msikitini, kumbe gari lilikuwa limeacha alama yake. Na kila alfajiri mtu alifagia uchafu ule, akaufunika, ili uwanja umpendeze mgeni. Assumani alirudisha mchanga, akausawazisha kwa kiganja, akaingia ndani.

Gari lilivutwa na lori mpaka uani kwake, na garaji ya Kindu ikamtuma fundi wake, Magloire. Alikuwa mpole, mwenye kuona haya. Alilala chini ya gari, akatoka na chujio la oili mkononi, pete mbili za mpira zimeshikana mdomoni mwake.

"Kampira ka zamani kalibakia ndani," alisema, macho chini. "Wakafunga kapya juu yake. Ni kosa yetu. Lakini ilikuwa inatoka polepole. Papa, pale gari ilikuwa inalala, hamukuonaka mafuta chini?"

Subira alikuwa amemletea fundi maji. Alisimama na kikombe.

"Hapana," Assumani alijibu upesi mno. "Hakukuwa kitu."

"Hata kidogo?"

"Nimesema hakukuwa kitu!"

Subira aliweka kikombe juu ya jiwe, taratibu, akarudi ndani.

Alfajiri iliyofuata Assumani alivaa viatu kwenda msikitini, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakusikia fagio. Aliporudi, majani ya mparachichi yalikuwa yametapakaa uwanja mzima. Subira alikuwa ameketi chini kando ya gari, miguu ameinyoosha. Alikuwa amechimba kwa mikono. Pembeni yake palikuwa na kichuguu cha mchanga mweusi, na mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Latifa alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge kifuani, anamtazama mama yake.

"Nilizania ni buchafu tu," Subira alisema. "Buchafu ya gari."

"Mama Latifa."

"Nilikuwa nasema, somo yangu asikute buchafu."

"Lampe iliwaka," Assumani alisema. "Nikienda. Niliiona, nikapita. Weye haukuona lampe. Ni mimi niliona."

Subira aliendelea kuitazama mikono yake.

Assumani aliokota fagio. Hakuwahi kulishika maishani mwake, na lilimsumbua. Alifagia kwa kuvuta badala ya kusukuma, vumbi likampanda kwenye kanzu ya sala. Alianzia mlangoni kwa Latifa, akapita penye mtungi wa maji, akauzunguka mparachichi. Alipofika kando ya gari alipunguza mwendo, akafagia kwa kuzunguka pale mkewe alipoketi. Subira hakuinua kichwa. Lakini fagio lilipokaribia, aliuvuta mguu wake kidogo, likapita.