Vidole Viwili Mdomoni

Kila asubuhi mlinzi wa bustani yetu ya wanyama alipopita, sokwe jike tuliyemwita Bibi aliweka vidole viwili mdomoni na kumkazia macho. Miaka tisa nimemlisha Bibi, na ishara hiyo sikumfundisha mimi. Nikajiambia, huyu bwana anampa sigara. Nilitafuta vipisi kando ya uzio, sikuona kitu. Nikanusa koti lake lililotundikwa, likanukia sabuni tu. Moyo haukutulia, nikamwambia meneja, na mlinzi akahamishiwa getini.

“Dada, si ungeniuliza?” aliniambia alipokuja kuchukua koti.

“Nikuulize nini, na macho yangu yameona?”

Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mkali. Bibi akaja mbio, akaning’inia kwenye wavu huku akitikisa kichwa kwa raha.

“Sigara yake ndiyo hiyo,” akasema, akaondoka.

Nilirudi kwa meneja kufuta kauli yangu. Akanijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mlinzi bado yuko getini. Nikimsalimia huinua mkono tu, na mpaka leo sijui kama ananiitikia au ananifukuza.