Amri ya Marehemu

Bi Vitufe aliusoma mstari ule mara ya tatu.

"Maji yakifika alama ya nane, fungua malango yote."

Ulikuwa ndani ya kisanduku alichokibuni mwenyewe kwenye programu ya bwawa. Zamani, kila utaratibu ulipobadilika, aliitwa yeye aje kuiandika programu upya. Akachoka. Akaweka kisanduku: mlinzi wa malango aandike amri yake humo, programu iisome na kuitii papo hapo, bila kuuliza nani wala kwa nini. Kila kipimo kipya cha maji kikiingia, inazisoma amri zote tena. Wakati ule kila mtu alimpongeza.

Aliyeuandika mstari ule ni baba yake, mlinzi wa malango kwa miaka thelathini, ambaye kaburi lake halijaota hata majani. Aliuandika kiangazi, akijifunza, maji yakiwa alama ya tatu. Alicheka siku ile.

"Mwanangu, hiki kisanduku kina adabu. Hakibishi kama mama yako!"

Mahali pengine pa kufanyia majaribio hapakuwepo. Binti alisema atapatengeneza kesho, na kesho zake, loo, hazikuwa na idadi. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa ameshazaliwa, anatambaa. Milimani mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na kipimo kilisema saba nukta saba.

Alijaribu kuufuta. Programu ikakataa: amri hufutwa na aliyeiandika tu, kwa neno lake la siri. Sheria hiyo nayo aliitunga yeye, baada ya walinzi kugombana wakifutiana kazi. Neno la siri la baba lilikuwa limekwenda naye, na kuiandika programu upya ni kazi ya siku nzima.

"Tuzime programu," alimwambia msimamizi.

"Mvua hii? Ukizima, malango hayafunguki mpaka yazungushwe kwa mikono. Ukuta ukizidiwa, utaubeba wewe?"

"Yakifunguka yote kwa mpigo, bonde lote litakwenda na maji. Mama yangu yuko shambani kule chini!"

"Mama yako, mama yako! Mimi nina wakubwa wa kuwajibu. Ngoja niwapigie." Akatoka na simu yake.

Bi Vitufe naye akampigia mama.

"Panda juu, mama. Sasa hivi. Acha kila kitu."

"Mbona unahema hivyo? Umekula?"

"Mama, nakuomba! Maji yanakuja!"

"Haya, haya, napanda. Na huu mgongo wangu, sijui."

Saba nukta tisa. Hakumngoja msimamizi. Aliiweka simu mezani, akapiga magoti chini ya meza, akaukamata waya wa umeme kwa mikono miwili. Ulikuwa umekaza. Akavuta, akavuta tena, ukachomoka naye akaanguka chali. Kioo kikawa cheusi.

Lakini sakafu ilikuwa inatetemeka.

Maji yalikuwa yamegusa nane kabla waya haujachomoka, na programu huyaamuru malango moja moja. Matatu hayakupata kusikia. Mawili yalikuwa yameshasikia, na injini zake zina umeme wake zenyewe, zikishaanza hazirudi nyuma. Alikimbilia dirishani akaona maji ya kahawia yakitoka kwa nguvu chini ya ukuta. Kutoka hapo hadi shambani ni mwendo wa dakika kumi kwa maji. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na hakuona haya. Akainyakua simu mezani, ilikuwa bado haijakatwa.

"Mama! Umefika wapi?"

"Nimefika huku juu kwenye mawe. Usilie basi, mwanangu. Mto wenyewe umetulia, nauona."

"Hapo hapo, mama! Asante. Usiondoke hapo."

"Siondoki. Ala! Redio ya baba yako nimeiacha kibandani, itarowa. Naifuata mara moja, sikawii."

"Iache! Mama, iache! Mama!"

Simu ilikuwa imeshatumbukizwa mfukoni bila kukatwa. Bi Vitufe alisikia kitambaa kikiisugua, kisha kandambili zikishuka kwenye tope, polepole kwa ajili ya mgongo, na mama akijiimbia kwa sauti ya chini.