Ndege ya Karani

Jumamosi saa tatu asubuhi, karani mstaafu alikuwa gerejini, kakaa kwenye stuli, kitabu cha maelekezo mapajani, anasoma hatua ya mwisho kwa sauti ya taarifa ya habari. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa kalala chali chini ya bawa, bisibisi mkononi. Ndege ilikuja vipande vipande kwenye makasha manne, na hivi ndivyo walivyoiunda kwa miaka miwili.

"Umeshakaza?"

"Nilikaza ulipokuwa unafuta miwani."

"Basi tumemaliza," karani akasema, akajinyoosha mgongo. Kusoma nako ni kazi, jamani, koo linakauka.

Jumatatu fundi aliingia gerejini kuchukua beseni la nguo. Ndege ikanyanyuka futi moja kutoka sakafuni, injini haijawashwa, ikapita mlangoni kiubavu na kumfuata hadi kwenye kamba. Vibanio vilipomwishia ikamwinamishia bawa, akaanika hapo shuka mbili zilizobaki. Jirani alilalamika kwamba kivuli kinachelewesha nguo zake kukauka. Fundi akamwomba radhi, akaisogeza ndege kwa kiwiko.

Karani naye alipanda airushe. Akabadilisha mafuta, akabadilisha plagi, akabadilisha na kofia. Wapi.

"Ina kiburi hii," alisema.

"Labda imechoka, baba watoto," fundi akajibu kutoka mlangoni. Ndege kusikia sauti yake ikapaa, na karani akagonga kichwa kwenye dari.

Alhamisi alikuja mkaguzi wa ndege na fomu yake. Jina la aliyeiunda lingeandikwa kwenye fomu, kisha lichongwe kwenye kibati cha kufungwa kando ya mlango wa rubani. Fundi alikuwa anakiwaza kibati hicho tangu kasha la kwanza. Hata bango la duka lake la kushonea limeandikwa jina la mumewe. Alikitaka kile kibati, alikitaka mno.

"Nani kaiunda?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi," karani akawahi. "Mama watoto alinishikia tochi."

Ndege ikageuza pua, ikaja kumlalia fundi begani. Mkaguzi akaandika: *Imemzoea mama.* Akaitazama mikono ya fundi, yenye makovu kila kidole, na ya karani, laini kama ya mtoto mchanga.

"Shemeji, naona," alimwambia fundi kwa upole. "Ila nafasi ni moja, na kawaida tunamwandika mwenye nyumba."

Iliuma. Fundi akaenda kuwaletea chai.

Kibati kilipofika, karani hakujua kushika bisibisi. Kwa hiyo jina lake lilifungwa na fundi mwenyewe, kwa skrubu nne, na alizikaza barabara, maana hajui kufanya kazi ovyo.

Siku hizi, saa kumi jioni, fundi hupaa kupeleka magauni ya wateja. Hupita chini chini juu ya mapaa, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Watu huinua macho.

"Ndege ya karani hiyo," huambiana.

Karani, kwenye stuli yake nje ya gereji, huwapungia mkono.