Milango Inayofunguka Juu

Ruhembe si mahali pa kukosa la kusema, lakini siku Optatus aliporudi kwao na lile gari, hata majirani waliokuwa wamenuniana tangu palizi walisogeleana wakaulizana kama wameliona. Kutoka Dar es Salaam lilibebwa juu ya lori kama bibi harusi, likashushwa Mikumi, na kutoka hapo akaliendesha mwenyewe kwenye lami mpaka kwa dada yake Rebeka. Kufika mchepuko wa nyumbani, vijana wakatandika mbao, maana tumbo la gari lilikuwa vidole vinne tu kutoka ardhini, na kila ubao ulipolia Optatus alishika kichwa kama mtu anayeshonwa bila ganzi.

Rebeka alikuwa amechinja. Yeye ndiye aliyemlea Optatus mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni hadi kwenye miwa ya watu ili wapate kula. Mumewe alishatangulia, watoto hakujaliwa. Wangu ni huyo mmoja, alizoea kusema, na waliomjua walijua hatanii. Kwa hiyo ua ulijaa, wali ukapakuliwa kwenye masinia, na Optatus akapewa kiti cha katikati ili aseme.

Akasema. Gari linaitwa Belgardi. Mzee aliyeanzisha kiwanda hicho, huko Italia, alikuwa fundi wa pampu za kumwagilia mizabibu. Mwanawe akafa kwenye mashindano, gari likamkunjikia kama kopo, na mzee akaapa mbele ya jeneza kwamba atatengeneza gari ambalo chumba cha dereva hakitakunjika hata dunia ipinduke. Tangu hapo wanayaunda kwa mkono, machache machache. Ya aina hii yalitoka arobaini, basi. Chumba chake si cha bati. Kimefumwa kwa nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, kama mkeka, kisha kikaokwa kwenye tanuri mpaka kikawa kigumu kuliko chuma na bado watu wawili wanakinyanyua. Injini ina silinda kumi na mbili, sita huku na sita kule, na imekaa nyuma ya kiti, imemlalia dereva mgongoni. Haina turbo. Inavuta pumzi yake yenyewe, ndiyo maana inaimba. Na milango yake haifunguki kwa pembeni kama ya magari ya watu, inapaa juu.

Akaipaisha. Ua mzima ukaguna.

Generoza, jirani wa ukuta mmoja, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na komeo, aliuliza mbuzi atakaa wapi. Optatus akamfunulia mbele, pakaonekana kishimo cha kutosha begi moja.

"Kumbe injini nyuma, buti mbele," Generoza akasema. "Shemeji, hili gari limevaa suruali kinyumenyume."

Watu wakacheka mpaka wakamwaga mchuzi. Optatus alicheka pia, lakini si sana. Baada ya kunawa alisimama akatafuta funguo. Rebeka akamwambia akae, bado ndizi hazijaja. Akajibu kwamba analinyoosha miguu tu, mpaka Ruaha na kurudi.

Walilisikia likipanda, gia juu ya gia, sauti kama kitambaa kirefu kinachopasuliwa toka pindo hadi pindo. Watu uani wakanyamaza, wanatabasamu, vidole hewani. Kisha sauti ikakatika. Ukaja mshindo kama gunia la masufuria lililotupwa kutoka ghorofani, halafu kimya, na Rebeka alikuwa ameshasimama kabla sinia halijamaliza kuzunguka chini.

Donati alikuwa anapita na trekta lake, trela tupu, akirudi kuchukua miwa. Rebeka na Generoza wakaparamia trela.

Walichokikuta kilieleweka kabla ya kushuka. Ng'ombe walikuwa wametapakaa barabarani, mmoja bado anajaribu kusimama kwa miguu ambayo hana. Sironga alikuwa akiwavusha kwenda mtoni. Sironga huyo huyo aliyekuwa akimletea Rebeka maziwa kila asubuhi, shikamoo mama, chombo kiko wapi. Alilala kwenye majani, kifua kimebonyea upande mmoja, na kila alipopumua povu jekundu lilimtoka puani. Gari lilikuwa limewapitia kama fyekeo, likaruka mtaro, likaingia kwenye miwa na kulala chali, magurudumu juu.

Wakata miwa walifika kwanza, nyuso nyeusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa, mapanga mkononi. Siku nyingine wao na wafugaji hawapikiki chungu kimoja, ng'ombe akionja muwa panakuwa vita. Siku hiyo walikuwa ukoo mmoja. Walilizunguka gari wakimtaka dereva, na dereva hatoki. Milango inayofunguka juu, gari likilala chali, inafungukia ardhini. Optatus alining'inia ndani kwenye mkanda, kichwa chini, macho wazi, anaonekana kabisa kwenye kioo. Kile chumba hakikukunjika. Mzee wa Italia alitimiza kiapo chake: aliyemo ndani alikuwa mzima kama kiini cha yai, na aliyekuwa nje alikuwa Sironga.

Lekishon, kaka yake Sironga, alikipiga kioo kwa rungu. Wenzake walipiga ubavu wa gari kwa mapanga, na mapanga yakarudi yamepinda. Mara moshi ukatokea nyuma. Kuna waliokimbilia mchanga wakaumwaga upande wa mbele, kwa kuwa kila mtu anajua injini inakaa mbele, na nyuma moto ukachukua nafasi yake kwa raha zake. Pigo lingine la Lekishon likapasua kioo. Mikono ikaingia. Panga likakata mkanda, likaondoka na kipande cha bega, na Optatus akavutwa nje kwa nywele na kwa shati, juu ya vigae vya kioo, mpaka barabarani.

Hapo wakampiga. Wakampiga kwa ubapa wa panga na kwa miwa mibichi, na aliyekosa kitu alipiga kwa kiatu. Rungu la Lekishon likamshukia juu ya sikio, na mwili ukalegea. Mtu akasema arudishwe kwenye moto wake.

Rebeka alipita chini ya mikono yao. Aliangukia juu ya kaka yake, akapokea teke la ubavuni lililokuwa si lake, akaweka kiganja kwenye kifua cha Optatus. Moyo ulikuwa unagonga. Alijua kwamba akisema yu hai, atakuwa hai kwa dakika moja tu.

Akapiga kilio. Si kelele za kuomba huruma, ni kile kilio chenyewe, cha msiba, kinachoanzia tumboni na ambacho kwao mwanamke hakipigi mpaka roho iwe imetoka. Alimtaja kaka yake kwa jina la utoto, akamtaja mama yao, akamwambia ampokee. Generoza akakisikia, akatupa viatu, akaitikia palepale, na wanawake waliokuwa wakija kwa miguu wakakidaka njiani. Mapanga yakashuka moja moja. Aliyekuwa ameshika miwa aliiacha idondoke. Maiti hapigwi. Mmoja wa wakata miwa, ambaye kiatu chake kilikuwa na damu ya Optatus, alivua kofia.

Rebeka alivua khanga ya juu akamfunika kaka yake gubigubi, kichwa hadi miguu. Kule kwenye miwa gari likashika moto lote.

Trela lilikuwa moja tu. Wakampandisha Sironga kwanza, kisha kile kilichofunikwa khanga, ubavu kwa ubavu. Lekishon akakaa karibu na mdogo wake, rungu mapajani, na Rebeka akakaa upande wa pili. Wengine waliachwa. Donati akaondoa trekta kuelekea hospitali, na kila shimo la barabara lilipowarusha, Rebeka aliukandamiza ule mwili usije ukaguna.

Njiani Lekishon alizungumza naye kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko teke. Alimpa pole. Alisema hasira imeshakwenda pale ilipokwenda, sasa yeye na Rebeka wana uchungu mmoja. Akavua shuka lake moja akamfunika Optatus miguu, iliyokuwa imetokeza.

Kabla ya kufika Kidodi, Sironga alivuta pumzi ikaishia njiani. Lekishon akamsubiri avute nyingine. Haikuja. Akamfumba macho kwa vidole viwili, akaangalia pembeni. Hakukuwa na sauti isipokuwa ya trekta, kisha ikatoka nyingine chini ya khanga, kavu, lakini wazi:

"Dada. Gari wamelichoma?"

Lekishon aligeuka. Rebeka alimwona akielewa, polepole, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Rungu likapanda. Rebeka akanyoosha mkono wake juu ya kichwa cha kaka yake, na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa gotini. Donati akafunga breki.

Rungu lilipanda tena likabaki juu. Mkono wa Rebeka ulikuwa umekunjika mahali pasipo kiungo, na bado alikuwa ameuweka palepale.

"Toa mkono, mama."

"Sitoi."

"Mdogo wangu amekufa. Huyu anauliza gari."

"Nimemsikia," Rebeka alisema. "Nimesikia kama ulivyosikia. Sitoi."

Lekishon alishusha rungu. Kisha akashuka, akamvuta Sironga kifuani kwake akamweka begani. Alisema hawezi kumlaza ndugu yake kitanda kimoja na huyo.

"Lakini kilio ulikipiga wewe, mama, mbele ya watu wote," akasema. "Kilio hakirudishwi tumboni. Wangu nitamzika. Na wako amekufa. Siku ukisema yu hai, nitakuja."

Akaondoka na njia ya ng'ombe, hakugeuka.

Optatus alishonwa, akapewa kitanda, na askari mmoja akawekwa mlangoni, kwa kuwa kesi ya mauaji ya barabarani ilikuwa inamsubiri. Rebeka alifungwa mkono plasta akarudi Ruhembe kesho yake. Nyumba aliikuta imejaa. Turubai limefungwa, kuni zimeletwa, wanaume wako nje na moto wao, wanawake wamelala kwenye mikeka ukumbi mzima, na Generoza sauti imemkauka. Waliinuka kumpokea. Wakauliza mwili unakuja lini.

Rebeka alisema ukweli. Mwili hauji, Optatus anapumua, amekula uji; neno hai hakulitamka. Mwanamke mmoja akaanza kukunja mkeka.

"Kaa," Rebeka akamwambia. "Nani amekwambia msiba umekwisha?"

Generoza alitaka kuuliza. Alifungua kabisa mdomo, akaangalia ile plasta, akaufunga, na waliokuwepo wanasema hilo hawajaliona tena. Akavuta mkeka akamtandikia Rebeka mahali pa mfiwa, ukutani. Wimbo wa kanisani ukaanza upande wa jikoni, ukaenea.

Simu ya Rebeka ikaita. Aliipokea kwa mkono uliobaki. Optatus alikuwa ameazima simu ya nesi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kupata nafuu na kulalamika. Akasema atume mtu akaangalie kama injini imesalimika, kuna watu wanaweza kuitaka. Halafu akasikiliza.

"Mbona wanaimba hapo, dada? Nani amefariki?"

"Kaka yangu," Rebeka alisema, na akakata.